Maneno Yangu Kwenye Kanda ya Shangazi

Kwenye kanda pekee iliyobaki yenye sauti ya marehemu mume wa shangazi yangu, mimi nasikika nikisema, "Hapa angenyamaza tu, aache gitaa limalize." Nasikika vizuri kuliko yeye. Maneno yangu yanachukua muda wa pumzi moja, na chini ya pumzi hiyo kuna jina la mtoto ambalo shangazi alitaka kulisikia kabla masikio yake hayajaziba. Halisikiki. Nimepunguza sauti, nimeongeza sauti, nimeweka sikio kwenye spika mpaka likapata joto. Kila mara ninayemkuta pale ni mimi.

Nieleze kwa mpangilio.

Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda, kabla hatujahamia Musoma mjini. Katika miaka mizuri ya pamba alinunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sahani zake za santuri, zile nzito nyeusi zinazovunjika kama chungu. Nikiwa shule niliionea aibu, kwa kuwa wenzangu kwao walikuwa na redio. Kisha ikaja miaka ya foleni. Mawe ya redio, yaani betri, yakapotea madukani pamoja na sabuni, sukari, viberiti na khanga. Watu walianika mawe yaliyokufa juu ya bati tangu asubuhi ili jioni wapate dakika kumi za taarifa ya habari. Gramafoni ya baba haikuhitaji mawe. Kwa hiyo katika mtaa wetu, mlio wa muziki ulitoka nyumba moja tu, yetu, Jumapili baada ya misa.

Kilichotusumbua kilikuwa sindano. Sindano za chuma za gramafoni zilikwisha mapema, na hakuna mlanguzi aliyehangaika kuzipitisha magendo. Rafiki wa baba, fundi baiskeli wa karibu na stendi, ndiye aliyeleta miiba ya mgunga kutoka kwao Bugwema. Aliikata kwa kisu, akaikausha kwenye jivu la moto siku mbili, akaichonga ncha kwa wembe. Mwiba mmoja ulipiga nyimbo mbili, ukibahatika tatu, kisha ukawa butu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama watu wanaoimba nyumba ya pili na mlango umefungwa. Ilitubidi tusogee.

Kwa ajili ya uchache wa miiba, baba aliweka sheria: kila sahani inapigwa mara moja tu kwa Jumapili, hairudiwi. Sheria hiyo ilizaa tabia. Mwenye maoni aliyatoa sahani ikiwa bado inazunguka, maana akingoja iishe, wenzake watakuwa wamehamia wimbo mwingine. Nyimbo za zamani zile karibu zote zilikuwa na mwisho wa aina moja: mashairi yanaisha, magitaa yanaendelea, na mwimbaji anaanza kusalimia watu wa kwao mmoja mmoja. Sisi tuliziita salamu, na hatukuzihesabu kuwa wimbo. Salamu zikianza, baraza letu linaanza kutoa hukumu.

Baraza lilikuwa la watu wanne: baba, fundi baiskeli, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa jirani yetu, na mimi, niliyekuwa nimeanza kazi ya kuandika mihtasari ya vikao katika ofisi ya wilaya. Tulikunywa chai bila sukari na kusemana.

"Huyu anaimba kama anaita ng'ombe," fundi alikuwa akisema.

"Na wewe unasikiliza kama ng'ombe," mwalimu alikuwa akimjibu. "Sikiliza ala. Mpiga besi yule ni msomi."

"Msomi gani mwalimu, hana hata nyuzi nne. Nilimuonaga kwa macho yangu pale Bunda, besi ina nyuzi tatu na waya wa breki."

"Waya wa breki ulimuuzia wewe."

Baba hakupenda nyimbo mpya. Alisema bendi za siku hizi zinapiga wimbo mrefu kama foleni ya sukari, na ukifika mwisho hupati kitu. Tulicheka. Ilikuwa saa pekee katika wiki nzima ambayo hatukuongelea unga, na nikiwatazama wazee wale, shati la kila mmoja likiwa limepigwa viraka mgongoni, niliona jinsi walivyoishikilia saa ile. Kusema gitaa fulani limechelewa lilikuwa jambo waliloweza kuliamua wao wenyewe. Mengine yote yaliamuliwa dukani, na duka lilikuwa tupu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameolewa Mugango. Mumewe alivua samaki, akapiga gitaa na kuimba. Alikuwa katika bendi moja ya hapa Musoma, na bendi hiyo ilivuka mpaka mara moja kwenda kurekodi. Walirudi na sahani. Kila mwanabendi alipewa moja, nyingine ziliuzwa, na bendi ikavunjika muda si mrefu. Mume wa shangazi alifariki nikiwa mdogo, simkumbuki uso. Nakumbuka sauti yake tu, kwa sababu shangazi alikuwa akija na ile sahani.

Alikuja mara moja kwa miezi miwili au mitatu, kwa lori likipatikana, kwa miguu lisipopatikana, amebeba dagaa wa kutuletea na sahani yake imefungwa ndani ya khanga mbili katikati ya gunia la dagaa, ili isigongwe. Sahani ilinuka ziwa. Baba aliifuta kwa kitambaa, akaiweka, na shangazi akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, kichwa kimeinama. Hakutaka kusikia nyingine. Ikiisha, aliifunga tena akaenda jikoni kwa mama.

Sisi tuliihukumu kama tulivyozihukumu zote. Fundi alisema mwimbaji ana sauti nzuri ila anaharakisha. Mwalimu alisema mashairi yana vina lakini hayana habari. Mimi nilishikilia kwamba gitaa la kuongoza lilikuwa bora kuliko mwimbaji, na kwamba salamu zake zilikuwa ndefu mno. Nililisema hilo mbele ya shangazi zaidi ya mara moja. Aliwahi kunijibu, bila kuinua kichwa, "Haya baba, wewe ndiye unayejua." Nililichukua kama utani wa shangazi kwa mtoto wa kaka yake.

Mwaka ambao malaria ilimlaza shangazi majuma matatu, alipewa dawa nyingi, na alipoinuka masikio yalikuwa yanavuma. La kushoto likafa kabisa. La kulia likawa linasikia siku moja, siku nyingine halisikii. Alikuja Musoma hospitali, akaambiwa lililobaki nalo linaweza kufuata, na hakuna dawa. Jioni ile alizungumza na baba barazani, nami nilikuwepo.

"Kaka," alisema, "naomba hii sahani muiingize kwenye kanda. Mwiba sauti yake siipati tena. Nimesikia ya kanda unaongeza sauti unavyotaka."

"Tutaiingiza dada. Kanda ikipatikana."

"Isichelewe."

Alisema hivyo tu. Mimi nilidhani anataka kumsikia mumewe, na nililiona ni jambo la kawaida kwa mjane.

Kanda ilichukua zaidi ya mwaka. Ndipo wafanyabiashara waliporuhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao, na vitu vikaanza kurudi, kwanza mitumba, kisha sabuni, kisha mawe ya redio. Nilikwenda Bunda kikazi siku ya soko nikakuta kanda tupu zimepangwa juu ya turubai kati ya malapa na majembe. Nilinunua moja, nikaishika mkononi njia nzima. Radiokaseti tuliiazima kwa shemeji yangu wa Butiama, aliyemuoa dada yangu, mfugaji, ambaye alikuwa ameuza dume ili aipate. Hakutaka kuituma kwa mtu. Aliileta mwenyewe kwa baiskeli, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

Shangazi alifika siku moja kabla. Hakula vizuri. Asubuhi mama alimkuta ameketi uani, amejiziba sikio la kushoto kwa kiganja na kulitega la kulia, anasikiliza kuku, kuona kama siku ile ni ya kusikia au la. Ilikuwa ya kusikia.

Tulifanya jaribio kwanza kwa sahani nyingine. Radiokaseti haikuwa na waya wa kuiunganisha na gramafoni. Ilikuwa na kitundu kidogo mbele cha kuchukulia sauti, kwa hiyo tuliiweka mezani, kitundu kimeelekea gramafoni. Tukarekodi kwa mwiba. Tulipoirudisha, tulisikia upepo tu na jogoo wa jirani.

"Mwiba hauna nguvu," fundi alisema. "Nilijua." Akatoa mfukoni kipande cha spoki ya baiskeli, kifupi kama njiti, kimenolewa kwa tupa mpaka ncha inang'aa. "Hiki kitaimba."

Baba alikitazama. "Hakitaikwaruza?"

"Kaka mkubwa, sindano zenu za zamani zilikuwaga za nini? Si chuma?"

Baba akakubali. Tulikijaribu kwenye sahani moja ya baba, na sauti iliyotoka ilitunyanyua vitini. Tulikuwa tumesahau. Kwa miaka tulizoea watu wanaoimba nyumba ya pili, na sasa walikuwa chumbani, tunasikia hata mpiga gitaa anavyohamisha vidole. Mwalimu alivua miwani akaifuta. Shangazi, kwenye mkeka wake, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue katika chumba kile, akasema, "Hiyo naisikia."

Baba akaweka sahani yake. Shemeji akasema, "Sasa ndugu zangu, tunyamaze. Nikibonyeza hapa, mtu asikohoe." Akabonyeza.

Tulinyamaza. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Fundi alimtazama baba kwa jicho la "si nilisema?", baba akamjibu kwa kichwa. Wa tatu ukapita. Kisha mashairi yakaisha, magitaa yakaendelea, na mwimbaji akaanza salamu.

Nimejiuliza mara nyingi niliwaza nini, na jibu la kweli ni kwamba sikuwaza. Kwa miaka yote, salamu zikianza, ndipo tulipokuwa tunasema. Mdomo ulifunguka wenyewe kama unavyofunguka kanisani kuitikia padri. Na kama nilikuwa na wazo lolote, lilikuwa kwamba kile kitundu kinasikia mbele tu, kule kilikoelekea, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilimwinamia mwalimu nikamwambia maneno niliyoyataja mwanzoni. Sikunong'ona. Sauti ya gramafoni ilikuwa kubwa, nami nilitaka anisikie.

Mwalimu aliniwekea mkono gotini. Sahani ikaisha.

Shemeji alirudisha kanda mwanzo, akaipiga, akaongeza sauti mpaka mwisho. Shangazi aliinuka kwenye mkeka akaja kuketi kwenye kigoda mbele ya radiokaseti, sikio la kulia limegusa karibu na spika. Mumewe aliimba. Shangazi midomo yake ilikuwa inamfuatisha, neno kwa neno. Zikaja salamu: akamsalimia mama yake, akawasalimia wavuvi wenzake wa Bukima, akamsalimia mke wake. Shangazi alishika ukingo wa meza. Halafu nikaja mimi, mkubwa kuliko chumba, nikimwambia mume wake anyamaze. Nilipomaliza, na yeye alikuwa amemaliza. Magitaa mawili yakaenda peke yao mpaka mwisho.

"Rudisha hapo," shangazi alisema.

Shemeji alirudisha. Nikasema tena.

"Rudisha."

Aliirudisha mara nne. Mara ya nne shangazi aliondoa sikio kwenye spika, akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayehesabu mizigo baada ya lori kuondoka. Akasema, "Pale alikuwa anamsalimia mtoto."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa baba, naye aliinamisha uso. Kisha akatueleza kwa sauti ya chini, bila kutaja jina. Kabla ya watoto wa shangazi ninaowafahamu kulikuwa na wa kwanza, msichana, aliyechukuliwa na surua akiwa na miaka minne. Kwa watu wa mumewe, jina la mtoto aliyezikwa halitamkwi nyumbani tena, na mama ndiye hasa asiyelitamka. Picha hakuna, nani alikuwa na kamera Mugango? Cheti hakuna. Kaburi liliwekewa mawe, na mawe yale yalichukuliwa na mvua ya miaka. Jina lile lilibaki likitamkwa mahali pamoja tu duniani, kwenye ile sahani, na baba yake, kabla mtoto hajafa na kabla yeye hajafa. Shangazi alikuwa akitembea kutoka Mugango kuja kulisikia, na kila alipokuja, sisi tulikuwa tunasema. Kwa mwiba, kwa sauti ile ndogo, sijui hata ni mara ngapi alilisikia kweli kupita juu ya midomo yetu.

"Tupige tena," nilisema. "Tunarekodi upya. Natoka nje kabisa."

Baba aliinua sahani kuikagua kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na unga mweusi kwenye kitambaa cha meza ya gramafoni, kama masizi. Fundi alichomoa kile kipande cha spoki akakitazama ncha, na ncha ilikuwa safi kabisa, haijalika hata kidogo. Kilicholika kilikuwa sahani. Mistari ilikuwa imegeuka kijivu kuanzia ukingoni hadi katikati. Tuliiweka tena, kwa mwiba, pole pole. Ikatoa mlio wa mchele unaopepetwa kwenye ungo. Mahali pa salamu mwiba uliteleza moja kwa moja mpaka kwenye karatasi ya katikati bila kushika chochote.

Fundi aliondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Mwalimu alikuja mara moja, tukapiga sahani mbili kimya kama tuko msibani, baba akafunga kifuniko. Baraza letu liliisha hivyo.

Nilimwendea shangazi Mugango kumwomba radhi. Alikuwa anaanika dagaa. Alinipa kigoda, akanipa samaki wa furu wa kuchemsha, akaniuliza habari za kazi. Nilipofika kwenye jambo lenyewe alisema, "Wewe ulisema maoni yako. Hukujua." Kisha akageuza dagaa, akasema, "Lakini ulikuwa unasemaga kila mara, mwanangu." Nilimwomba anitajie jina, japo aniandikie kwa kijiti mchangani. Alitikisa kichwa akaendelea kugeuza dagaa.

Baba analijua jina. Nimemwomba pia. Alisema ameapa msibani kama wenzake, na kwamba hata akilitamka yeye, haitakuwa ile sauti ya kwenye sahani.

Wanabendi wenzake mume wa shangazi walikuwa sita. Nimewafuatilia wote, kwa utaratibu, kama ninavyofuatilia jalada ofisini. Wanne wamekufa na sahani zao hazijulikani ziliko. Wa tano anaishi karibu na Butiama. Yake ilikaliwa na mgeni kwenye kochi, ikavunjika. Mjane wa yule wa sita yuko Bugwema. Nilimfikia mwaka huu. Alinitolea sahani iliyokuwa uvunguni mwa kitanda, imefungwa kwenye gunia la pamba, nzima, haina ufa. Karatasi ya katikati ililiwa na mchwa, haikubaki hata herufi. Mjane anasema ndiyo yenyewe. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema hapana, ile ilivunjika zamani na hii ni ya kwaya.

"Mama, usimdanganye mgeni wa watu."

"Nimdanganye nini? Baba yako aliilalia miaka yote hiyo ili iwe ya kwaya?"

Mjane hataki itoke nyumbani kwake. Gramafoni ya baba springi yake imekatika. Nimetafuta nyingine Musoma, Bunda, mpaka Butiama. Maduka sasa yamejaa: kanda za kila bendi, redio za kila ukubwa, mawe ya redio yamepangwa kama matofali, baiskeli, miwani ya jua. Nilimuuliza mwenye duka moja sindano za gramafoni. Akaniuliza ni dawa ya nini.

Shangazi bado yuko Mugango. Sikio la kulia, mara ya mwisho nilipokwenda, lilisikia nilipopiga kelele karibu. Sikumwambia habari za Bugwema. Sahani iko kwenye gunia, uvunguni, na hakuna mtu anayejua ndani yake anaimba nani.